Kuvuka Kibera Drive

Kwanza alikuwako chura. Banda la gemu nililokuwa nikienda hapa Ayany, mtaa wa Kibera jijini Nairobi, lilikuwa na runinga ya Great Wall ya inchi 14, PlayStation moja na foleni ya vijana waliotaka mpira tu. Frogger, lile toleo la 1997, iliwekwa foleni ikikatika. Wengine waliiita gemu ya watoto, nami nikafurahi, maana walinipisha.

Miaka baadaye, kwenye saiba, niliipata ile ya asili: Frogger ya Konami ya 1981, iliyotengenezewa mashine za kutumbukiza sarafu. Niliicheza kwa MAME, programu inayoiwezesha kompyuta ya kawaida kuendesha gemu za mashine hizo. Chini kuna barabara ya safu tano za magari, katikati ukingo wa kupumzikia, juu mto wenye magogo na kobe, na ng'ambo vijumba vitano vya kujaza, kila chura akifika kabla muda wake haujaisha. Barabarani unakwepa kila kinachopita. Mtoni ni lazima umpande kobe au gogo, usipofanya hivyo umezama. Katika skrini moja, mambo yanageuka kinyume kabisa. Hadi leo sijaona gemu iliyosema mengi kwa vitu vichache hivyo, na ndiyo iliyonitia hamu ya kuunda yangu.

Nilianza kwa kuchora katika daftari la hesabu, lenye miraba tayari, kisha nikahamia lugha ya Python na maktaba yake ya gemu, Pygame. Chura akawa mtoto mwenye sare anayetoka Ayany, avuke Kibera Drive, halafu reli. Magari niliyaacha kama ya Konami: kila safu na mwendo wake, haubadiliki. Binamu yangu mdogo alicheza kidogo, akaniuliza, "Kaka, hii matatu haichukui abiria?"

Swali hilo lilibadilisha kazi yote. Nilikwenda kusimama steji nikaitazama matatu namba 8 kwa jicho jipya. Inatambaa ikiwinda abiria, inasimama ghafla kondakta akipiga bodi, kisha inafyatuka kabla aliyepanda hajashika chuma. Basi nikaipa matatu hali tatu, na dalili za kuzisoma: kondakta akining'inia mlangoni, itasimama; akigonga bodi mara mbili, kaa mbali. Nduthi, yaani pikipiki, nikaziruhusu zipite katikati ya safu. Mkokoteni ukawa mzito, polepole, usioweza kufunga breki kwenye mteremko. Wachezaji waliacha kukariri mwendo wakaanza kusoma watu.

Reli ilinipa raha kuliko yote. Ni sehemu ya reli iliyofika Nairobi 1899 na Kisumu 1901, na hapa Kibera watu wanaitembea kama barabara ya miguu, tena wanauzia bidhaa kando yake. Katika gemu yangu, kabla honi haijasikika, wachuuzi wanaanza kuinua bidhaa zao. Anayewatazama wao hapigwi na treni. Vichochoro nilivitoa kwenye ramani huria ya OpenStreetMap, ambako vijana wa mradi wa Map Kibera walianza kuvichora mwaka 2009 wakitembea na vifaa vya GPS. Bila miguu yao ningebuni Kibera ya uongo.

Sikuwa wa kwanza kuwaza gemu za huku kwetu. Wesley Kirinya alitoa gemu ya The Adventures of Nyangi mwaka 2007, na baadaye Planet Rackus, kampuni ya hapa Nairobi, ikatoa Ma3Racer, ambamo wewe ndiwe unayeendesha matatu. Niliipenda, lakini mimi nilitaka jiji lionekane kwa macho ya anayetembea kwa miguu, kwa kuwa ndivyo wengi wetu huku tunavyolijua.

Kisha ikaja Julai 2018. Nyumba, shule na makanisa ya Kibera yalibomolewa kupisha barabara mpya ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata Road. Waliopoteza makao walikadiriwa kuwa 30,000. Vichochoro nilivyokuwa nimevitia katika gemu vikatoweka chini ya lami. Watu walishauri nisasishe ramani. Nilikataa. Toleo la zamani limebaki kama lilivyokuwa, lina milango ya watu ninaowakumbuka.

Barabara mpya niliipa hatua yake, na hapo kulikuwa na jambo zito. Magari yake hayatambai wala hayatafuti abiria. Yanakwenda moja kwa moja, mwendo ule ule, kama yale ya 1981. Msimbo nilioutupa kwa ajili ya swali la binamu yangu niliurudisha karibu wote, bila kuugusa, ukaifaa.

Sasa natumia injini ya gemu ya Godot, na kinachonishughulisha ni jambo nililoliona watoto wakilifanya pale barabarani asubuhi. Havuki mmoja. Wanasubiriana ukingoni hadi wawe kundi, wanashikana mikono, ndipo magari yanapunguza mwendo. Nimeliingiza: kundi likikua, madereva wanakuona. Lakini kengele ya shule haisubiri, na mstari wa muda unazidi kupungua. Bado natafuta urefu wake, uwe wa kutosha kumngoja mtoto mmoja zaidi.