Mchanga wa Tangi Letu

Tangi la samaki wa baharini katika maabara yetu limekigawanya kidato kizima. Wenzangu walitaka mchanga wa mtoni, kwa kuwa fundi wa shule anao tele. Mimi nikakataa katakata. Udondoshee siki, unanyamaza tu! Lakini mchanga mweupe wa Diani ukiutia siki hutoa povu, maana ni chokaa ya matumbawe na makombe. Tena sehemu yake imepita tumboni mwa pono, samaki anayetafuna mwamba na kunya mchanga. (Msicheke, ni kweli.) Chokaa hiyo husaidia maji yasigeuke kuwa asidi.

Basi tuuchote wapi? Mmoja akasema Watamu. Nikamkatiza: ile ni hifadhi ya bahari tangu 1968, huruhusiwi kuokota hata kombe tupu. Na ufuo ukichotwa na kila shule, utabaki nini? Mimi nashikilia tuponde vipande vya mawe ya matumbawe vinavyotupwa kwenye machimbo, tuvioshe hadi maji yatoke safi, kisha tutandaze sentimita 3 hivi. Mwalimu mlezi bado hajaamua, na tangi li tupu.