Safari ya Wawili: Toka Nyegezi Hata Jinja

Wako wanaodhani ya kuwa kuitembelea nchi ya kigeni pamoja na mke ni jambo la matajiri. Kwetu sisi tukaao Nyegezi, hapa Mwanza, nchi ya kigeni iko ng'ambo ya ziwa letu, na basi la abiria latufikisha.

Kutoka Nyegezi hupitiwa Usagara hata Kigongo, ambapo zamani tulingoja kivuko mpaka jua likatuchoma. Tangu Juni 2025 daraja la kilomita 3 hivi latuvusha hadi Busisi kwa dakika chache. Kisha Geita, Muleba, Bukoba, na mpaka wa Mutukula. Mtanzania haombi viza ya Uganda; hati ya kusafiria yamtosha. Hapo badilisheni fedha kidogo tu, mkaihesabu papo hapo, kwani shilingi yao ina jina la yetu lakini haina thamani ya yetu.

Fedha yetu ilikuwa ya mke wangu zaidi kuliko yangu: akiba yake ya kuuza dagaa. (Mapato ya mwalimu wa chuo mwayajua.) Chakula cha njiani tulikibeba, mihogo, mayai na chai katika chupa. Baada ya Masaka, huko Kayabwe, tukauvuka mstari wa Ikweta.

Kampala tuliswali katika Msikiti wa Taifa, kilimani Old Kampala, uliofunguliwa mwaka 2007. Na siku ya pili Kibuli, msikiti uliokamilika mwaka 1951 katika ardhi ya Mwanamfalme Badru Kakungulu. Kuswali hakuna kiingilio. Kupanda mnara kutazama mji kuna kiingilio, nasi tuliutazama mnara kutoka chini.

Ikabaki fedha ya jambo moja. Mimi nilitaka Kasubi, walikozikwa wafalme wanne wa Buganda. Mwenzangu akasema, "Mwalimu, maji ya ziwa hili nimeyateka tangu utotoni. Nataka kuona yanakotokea kwenda zake." Hoja ilikuwa na nguvu, na akiba ilikuwa yake. Tukaenda Jinja, mwendo wa kilomita 80 hivi.

Mwaka 1858 Mwingereza John Hanning Speke aliliona ziwa hili kwa upande wetu wa Mwanza. Hata mwaka 1862 ndipo alipofika Jinja akauona mto Nile ukitoka. Maporomoko aliyoyaona yalifunikwa na maji ya bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954. Basi mtu asitazamie kishindo. Ni maji mapana yanayokwenda kimya, wala huhitaji kulipia mtumbwi peke yako: tulipanda pamoja na wageni wengine, nauli ikagawanyika.

Mpiga kasia alituambia ya kuwa maji hayo huchukua miezi mitatu kufika bahari ya Misri. Mke wangu akainama, akanawa uso, akayatazama kwa muda. Kisha akaniuliza nauli ya Misri ni kiasi gani.