Safari ya Miguu hadi Bagamoyo

Mimi ni mkulima hapa Bungu, kwenye milima ya Usambara. Ninalima mahindi, maharage na iliki kidogo. Katika jumuiya yetu ndogo ya Wakatoliki mimi ni katibu. Sikuchaguliwa kwa sababu ya hekima. Nilichaguliwa kwa sababu nina daftari, na mwandiko wangu unasomeka. Kusoma nilijifunza ukubwani, katika darasa la jioni.

Mwaka jana, baada ya kuvuna, tulikubaliana twende kuhiji Bagamoyo kwa miguu. Watu kumi na wanane waliinua mikono. Kuinua mkono ni kazi nyepesi. Kazi nzito ilibaki kwa katibu.

Kwanza watu waliuliza, "Kwa nini Bagamoyo?" Niliwasomea niliyoyapata kitabuni. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walitoka Unguja, wakaanza misheni Bagamoyo mwaka 1868. Wakati ule mji ule ulikuwa mwisho wa njia ya misafara. Watu walitembea kutoka Ujiji na Tabora wakibeba pembe za ndovu. Wengine walitembea wakiwa wamefungwa minyororo, wakauzwe ng'ambo ya bahari. Mapadre waliwanunua baadhi ya watumwa ili kuwapa uhuru, wakawajengea kijiji. Lipo kanisa la zamani, na lipo pango la Bikira Maria lililojengwa mwaka 1876. Kwenye misheni hiyo ndipo mwili wa Livingstone ulipofikishwa mwezi Februari 1874. Chuma, Susi na wenzao waliubeba kwa miguu kutoka nchi ambayo leo ni Zambia.

Nilipomaliza kusoma, mzee mmoja alisema, "Basi miguu mingi ilifika Bagamoyo bila kupenda. Sisi tunakwenda kwa kupenda. Tutalalamika nini?" Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena kwa nini.

Nikaazima ramani ya Tanzania. Chini ya ramani kuna kipimo kinachoonyesha sentimita moja ni kilomita ngapi. Nilichukua uzi, nikaunyoosha kutoka Korogwe hadi Bagamoyo, nikaupima kwa rula. Nilipata kilomita 150. Nilifurahi sana. Siku sita tu! Niliandika hesabu hiyo daftarini, nikaipigia mstari chini.

Jirani yangu ni Mwislamu, na zamani alikuwa utingo wa lori la kwenda Dar es Salaam. Nilimwonyesha hesabu yangu. Alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu," akasema, "uzi wako haujui kutembea. Hebu tazama umepita wapi." Tukatazama. Uzi ulikuwa umepita katikati ya Saadani. Saadani ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005. Kuna simba, nyati na tembo. Ukiuendea Mto Wami kwa chini, kuna mamba na viboko. Hapo mtu hapiti kwa miguu akiimba rozari.

Njia ya watu ni barabara. Tutashuka hadi Korogwe, twende Segera, kisha Kabuku, Mkata na Mbwewe. Tutavuka daraja la Wami, tufike Msata. Pale Msata tutaiacha barabara ya Chalinze na kushika ya mkono wa kushoto. Kutoka Msata hadi Bagamoyo ni kilomita 64, lami tupu. Kutoka Korogwe peke yake ni zaidi ya kilomita 200. Tukaongeza mteremko wetu wa kutoka milimani na kona zake, tukaandika 250 ili tusijidanganye.

Jirani alinieleza pia mambo ambayo ramani haikuyaandika. Alinitajia sehemu zenye maji ya kununua na sehemu ndefu zisizo na nyumba. Alisema bonde la Wami lina mpando unaochosha hata lori, kwa hiyo tulipite asubuhi. Alisema tutembee upande wa kulia wa barabara, ili tuyaone mabasi yanayokuja mbele yetu. Nikamshukuru. Akasema, "Nanyi mna hija yenu. Hija haina mzaha."

Siku tuliipanga kwa kurudi nyuma. Tunataka kuwa Bagamoyo tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Mwezi huo masika yamekwisha na vuli haijaanza. Mahindi yamevunwa, na hata nyika ina ubaridi kidogo asubuhi. Tukitembea kilomita 25 kwa siku, ni siku kumi. Jumapili moja ni ya kupumzika. Siku moja ni ya akiba, maana lazima kuna mtu atakayeumwa tumbo. Jumla siku kumi na mbili. Kwa hiyo tutaondoka tarehe 3 na kufika tarehe 14 jioni.

Sisi watu wa milimani tunajivunia miguu yetu. Lakini miguu yetu imezoea baridi. Nyikani jua likipanda, mtu wa milimani anakuwa kama mboga iliyochumwa jana. Tumekubaliana kuanza kutembea saa kumi na moja alfajiri, kupumzika saa tano, na kuendelea tena saa kumi jioni. Kila mtu atachukua chandarua, kwa sababu mbu wa kule si kama wa huku. Tutabeba chumvi na sukari. Mtu akiharisha, tutamchanganyia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita moja ya maji safi. Unga, dagaa na sufuria mbili vitabebwa kwa baiskeli. Vijana walitaka tukodi gari la mizigo. Mhazini alitaja bei, vijana wakanyamaza.

Mwezi uliopita tulifanya jaribio. Tulishuka hadi Korogwe, tukalala, tukarudi. Vijana wawili walivaa viatu vipya. Walirudi kwa bodaboda, na visigino vimechubuka. Sasa ni amri: hakuna kiatu kipya safarini.

Jambo lililotusumbua zaidi ni la bibi mmoja wa jumuiya yetu. Hajui mwaka aliozaliwa, lakini wakati wa Uhuru mwaka 1961 alikuwa msichana wa kutumwa maji. Mjukuu wake alizaliwa kabla ya miezi kutimia, mdogo kama kiganja. Bibi aliweka nadhiri: mtoto akipona, atakwenda kwa miguu kushukuru. Mtoto huyo sasa yuko darasa la tatu, na anapiga mpira.

Tulimwomba apande basi hadi Msata, atusubiri. Alikataa. Tukamwambia kwamba paroko ana mamlaka ya kumwondolea mtu nadhiri yake kwa sababu ya haki. Akajibu, "Namheshimu baba paroko. Lakini usiku ule hospitalini yeye hakuwepo. Tulikuwa mimi, mtoto na Mungu."

Wengine walikasirika. Walisema akizidiwa nyikani, safari ya watu wote itakwama. Hawakukosea. Nami nilikuwa upande wao. Lakini kwenye jaribio bibi alivaa katambuga zake za zamani, akatembea polepole, hakukaa chini hata mara moja. Alifika wa mwisho kwenda na wa mwisho kurudi. Ila alifika. Nilikaa kwangu jioni ile nikifikiri. Hesabu zangu zilijua kilomita na siku. Hazikuwa na mahali pa kuandika neno ambalo mtu amempa Mungu.

Mwishowe tulipatana hivi. Bibi atatembea. Yeye ndiye atakayetangulia kila siku, na sisi tutakwenda kwa mwendo wake. Mhazini atatunza nauli yake ya basi, na bibi mwenyewe ameishika na kuihesabu. Akiona miguu imekataa, atasema mwenyewe. Hakuna mwingine atakayemsemea. "Hiyo pesa mtaikuta Bagamoyo," alisema, "tutanunulia samaki."

Kwa mwendo wake hatutaweza kilomita 25 kila siku. Nimefuta tarehe 3. Nimeandika tarehe 31 Julai.

Sasa ninaandika barua za kuomba mahali pa kulala, kwa maparoko na kwa watendaji wa vijiji vya njiani. Barua zote zinataka idadi ya watu. Nimeandika barua tano, bado saba. Katika kila moja nimeandika: "Tutakuwa watu kumi na wanane. Mmoja wetu ni mzee. Sisi wengine hata nje tutalala, lakini yeye tunaomba alale ndani."