Milimita Tatu

Mteremko wa Kitonga nilikuwa nimeushuka mara nyingi mno, hata nikafika mahali pa kuudharau. Atokaye Iringa kwenda Morogoro huukuta baada ya Ilula. Barabara hujikunja ubavuni mwa mlima, malori marefu hupanda yakiugua na mengine hushuka yakinuka breki, na chini kabisa Ruaha Mbuyuni inangoja na joto lake. Mwezi Juni mwaka 2019 nilikuwa nikiushuka pamoja na mke wangu katika gari langu dogo, Subaru Impreza ya mwaka 1997, nikiwa na haraka isiyo na sababu. Mbele yetu palikuwa na lori. Kila kona nilikanyaga breki, ilhali mtu mwenye akili angekuwa amekwisha kurudisha gia tangu juu. Kwenye kona mojawapo nikakanyaga, na pedali ikazama laini hadi sakafuni, kana kwamba nimekanyaga tope.

Nilipigapiga pedali, nikalazimisha gia ya pili, injini ikalia kwa uchungu, na hatimaye tukasimama juu ya changarawe kando ya barabara. Mke wangu hakupiga kelele. Alishuka, akakaa juu ya jiwe, akanitazama. Tulipofika nyumbani akasema kwamba gari lile hatalipanda tena mlimani, na kweli, safari iliyofuata alikwenda kwa basi. Mimi nilimfuata na gari langu, kiti cha pembeni kikiwa kitupu.

Nilimwambia kwamba breki za gari lile ni ndogo. Haukuwa uongo mtupu, lakini haikuwa kweli pia. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa kadiri yanavyokaa. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za sentigredi. Yakisha kuingiwa na maji, kiwango hicho chaweza kushuka hadi 140. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea, kwa hiyo nguvu ya mguu huishia njiani. Mafuta yangu yalikuwa na miaka minne bila kubadilishwa. Nililijua hilo pale pale juu ya changarawe, nikanyamaza.

Badala ya kusema, nikanunua. Pale Ilala, kwenye spea za mtumba, nilipata kalipa za pistoni 4, yaani vile vikamatio vinavyobana diski, zilizotoka kwenye Impreza ya mbio, pamoja na diski zake za kipenyo cha milimita 294. Fundi alizifunga mbele kwa asubuhi moja, akajaza mafuta mapya. Kisha akachukua gurudumu langu la inchi 15 ili alirudishe, likakataa. Liligonga kalipa likabaki linaning'inia.

“Mzee,” akaniambia akijifuta mikono, “umenunua breki, sasa kanunue na miguu.”

Wazo la kwanza lilikuwa spesa, kile kisahani cha kusogeza gurudumu nje. Fundi alilikataa. Spesa ingeweza kuusogeza mkono wa rimu mbali na uso wa kalipa, lakini mgongo wa kalipa ulikuwa unagusa pipa la rimu kwa juu, na hapo kusogeza nje hakusaidii kitu. Tena spesa hupunguza nyuzi za boliti zinazoshikwa na nati.

Wazo la pili lilikuwa la kijana wangu, ambaye alikuwa ameona mahali rimu za inchi 17 zinazong'aa kama sufuria mpya. Upana wake inchi 7 na nusu, ofseti 35. Zangu za zamani zilikuwa na upana wa inchi 6 na ofseti 53. Ofseti ni umbali, kwa milimita, kutoka mstari wa katikati ya upana wa rimu hadi kwenye uso unaokaa kwenye habu. Namba ikikua, gurudumu huingia ndani kuelekea shokapu. Ikipungua, hutoka nje kuelekea madigadi. Mimi nimekuwa mpima ardhi kwa miaka 30, namba hazinitishi, nikachukua penseli. Nusu ya tofauti ya upana ni milimita 19. Tofauti ya ofseti ni 18. Ukingo wa nje ungesogea nje milimita 37. Gari lingekuwa kama mtu aliyevaa viatu vya kaka yake. Madigadi yangekwangua tairi, usukani ungevutwa na kila shimo, na beringi zingebeba mzigo ambao hazikupangiwa. Kijana alinuna siku mbili.

Nikabaki na inchi 16, upana 7, ofseti ile ile 53, matundu 5 kwenye mduara wa milimita 100, na tundu la katikati milimita 56.1 ili rimu ikae kwenye habu yenyewe na si kwenye nati. Hapo kila ukingo unasogea milimita 13 hivi, na nafasi hiyo ipo. Kwa tairi za 205/50 kipenyo kinakuwa milimita 611, kutoka 615 za zile 195/60, hata kipimamwendo hakitambui. Nilijiona nimemaliza hesabu.

Kumbe. Muuzaji alikuwa na jozi mbili zenye namba hizo hizo. Jozi moja, mikono yake ilipinda kutoka nje kama bakuli. Nyingine ilikuwa bapa. Hakuna namba kwenye rimu inayokuambia mkono wake umepinda vipi. Fundi akasema, “Leta kitu laini tubandike kwenye kalipa, tuone kinabaki unene gani.”

Nikarudi nyumbani kuomba donge la unga wa ngano. Mke wangu alikuwa anakanda chapati. Akaniuliza la kazi gani, nikamweleza. Akaendelea kukanda, kisha akauliza bila kugeuka: “Baba, siku ile ni udogo wa breki tu?”

Nikamwambia. Mafuta, miaka minne, gia ambayo sikuirudisha. Alikata donge, akalifunga kwenye mfuko, akanipa. “Ungesema,” akasema, basi.

Rimu bapa zililiponda donge mpaka chuma kikaonekana. Zile za bakuli, baada ya kuzungusha gurudumu kwa mkono, ziliacha unga wa unene wa milimita 3, kiasi ambacho fundi hakutaka kipungue. Nilizinunua hizo, ingawa ndizo zilizokuwa na rangi mbaya. Gharama yake ilizidi ya breki, jambo ambalo sikuliuliza mwanzoni. Wala sikuwa nimefikiria tairi la akiba. Lile la inchi 15 haliingii tena mbele. Pancha ya mbele ikitokea, nahamisha gurudumu la nyuma mbele, kisha la akiba nalifunga nyuma, ambako breki ni zile za zamani. Nimeandika hayo kwenye karatasi ndani ya dashibodi, pamoja na tarehe ya kubadilisha mafuta ya breki.

Desemba mwaka huo mke wangu alisoma karatasi hiyo kabla ya kufunga mkanda. Tuliushuka Kitonga kwa gia ya pili, malori yakitupita kwa hasira. Hatukuzungumza. Ruaha Mbuyuni tulisimama kununua vitunguu, naye akaenda kwanza kwenye gurudumu la mbele, akakaribisha kiganja chake bila kugusa.

“Zina joto,” akasema.

“Zina joto,” nikamjibu.

Akasimama kidogo, kisha akaenda kuuliza bei ya vitunguu.