Joto linapita ukuta bila kuuvunja

Wandugu wasikilizaji wa Kapata, na ninyi familia mliohamishwa mkafikia kwetu, swali moja linanifuata tangu niliposoma hewani habari ya Mbandaka: kwa nini watu wasiojua kuogelea wanaruka majini?

Tukumbuke. Tarehe 15 Aprili 2025, boti ya mbao HB Kongolo, iliyotoka bandari ya Matankumu kwenda Bolomba na watu karibu 400, iliwaka moto. Ilisemwa ulianza pale mama mmoja alipokuwa anapika. Hesabu ya waliokufa ilifika 148. Mto ule ni Lualaba wetu, unabadili jina tu kule Kisangani.

Jibu ni joto. Wengi tunadhani moto unaua kwa kugusa. Lakini joto lina njia tatu. Linapita ndani ya kitu, kama kijiko cha chuma kilichoachwa ndani ya chungu. Linabebwa na hewa na moshi unaopanda. Tena linaruka lenyewe, kama jua linavyotupiga usoni toka mbali. Mahali palipofunikwa, moshi wenye joto unajikusanya juu na kushuka polepole, ukichoma vya chini yake. Ukifika karibu digrii 600, vyote vinavyoweza kuwaka vinashika pamoja. Aliyesimama karibu hana muda wa kuchagua.

Ndani ya meli za chuma, chumba kimoja kikiwaka, ukuta unapata moto na mizigo ya upande wa pili inawaka bila ndimi za moto kuifikia. Ndiyo maana mabaharia wanapoza pande sita: kuta nne, juu na chini.

Nikipita mtaani naona meli ile ile, ila haina maji pembeni. Mabati yamegusana, mbabula inaingizwa ndani mvua ikinyesha, kidumu cha esansi kiko nyuma ya mlango.

Basi tupikie mbali na esansi. Nyumba ya jirani ikiungua, tukate umeme, tuondoe magodoro yanayoegemea mabati, tumwagie ukuta wetu maji mapema. Moshi ukijaa, tutambae, maana chini kuna hewa. Tukitoka tufunge mlango. Na wanaopanda boti kule Bukama waulize kabla ya kulipa: jiko liko wapi, esansi iko wapi? Kama viko mahali pamoja, wangoje boti nyingine.