Mbuzi alipokufa tulimlaumu mtoto, kumbe kosa lilikuwa letu

Kwa siku nne mwanangu wa miaka saba hakukanyaga banda la mbuzi. Akitoka shule alizunguka upande wa pili wa nyumba, kwenye mikorosho, ili asilione. Usiku akaanza kukojoa kitandani, jambo aliloliacha akiwa na miaka mitatu. Yote haya yalianza na maneno machache ya baba yake, ambayo mimi niliyasikia nikanyamaza.

Tunaishi Newala, pembeni kidogo mwa mji. Mimi ni mzaliwa wa Masasi, mume wangu ni wa huku huku juu. Tulipohamia nyumba hii miaka mitatu iliyopita tulikuwa na kuku watano tu. Malipo ya korosho ya msimu uliofuata yalipoingia, mume wangu akanunua mbuzi jike wawili, wale wadogo wa kienyeji. Hakusema ni mradi. Alisema anataka watoto wakue wakijua kwamba kiumbe hai hula, hunywa na huugua, hata kama leo ni sikukuu au mvua inanyesha.

Mkubwa wetu aliwapa majina siku hiyo hiyo. Mwenye ndevu akamwita Kidevu. Mwingine, anayetembea kwa madaha, akamwita Bibi Harusi. Baadaye wakaongezeka bata wawili, kisha sungura aliyeletwa na shangazi yao.

Kazi ya mwanangu ilikuwa maji. Wanaoishi Newala wanajua maana yake. Sisi tuko juu ya uwanda, maji yanasukumwa kwa mashine kutoka mabondeni, na kiangazi kuna siku bomba halitoi kitu. Kila asubuhi alibeba kidumu cha lita tano hadi bandani kabla ya kwenda shule. Siku moja maji yakiwa machache, nilimkuta amempa Kidevu maji yake ya kuoga. Nilimgombeza, lakini moyoni nilicheka. Nilijua baba yake amepata alichokitaka.

Kidevu alipozaa mapacha, nyumba nzima ilisherehekea. Mbuzi hubeba mimba miezi mitano, na mwanangu alikuwa ameihesabu kwa kuchora mistari ya mkaa ukutani. Nilimwacha achore.

Sasa niwaambie kuhusu Jumamosi ile ya mwezi wa nane.

Jirani yangu alinilipa ushonaji wa sare za watoto wake kwa tenga la mihogo. Ilikuwa mihogo michungu, ile ya kutengenezea makopa. Huku kwetu wengi hupanda michungu kwa sababu hata nguruwe pori haikimbilii. Ukishaimenya, unaianika hadi ikauke vizuri kabla ya kutwanga unga. Haitafunwi mbichi. Kila mtu mzima anajua.

Nilikaa chini ya mwembe nikamenya, maganda nikiyatia kwenye beseni. Mdogo wetu wa miaka miwili alikuwa kando yangu akichezea udongo. Akafika mteja aliyetaka kupimwa gauni. Nikanyanyuka, nikaingia ndani kutafuta utepe wa kupimia, nikaliacha beseni pale pale. Mazungumzo yakawa marefu.

Mwanangu aliporudi kutoka dukani, alimsikia Kidevu analia. Ilikuwa kiangazi, majani mabichi hakuna, na mbuzi ananyonyesha wawili. Akaliona beseni limejaa maganda. Wiki iliyotangulia aliniona mimi mwenyewe nikiwapa mbuzi maganda ya mihogo mitamu. Akalibeba hadi bandani, akamwekea Kidevu peke yake, kwa sababu ndiye mwenye watoto. Alikuwa anamhurumia.

Haikupita saa nzima. Alikuja mbio akisema Kidevu anahema vibaya. Tulimkuta anatokwa povu, miguu inatetemeka, akijaribu kusimama anaanguka. Majirani wakajaa. Mama mmoja akaleta mafuta ya kula akitaka tumnyweshe. Mzee wa nyumba ya tatu akafika na kisu, akasema, "Mchinjeni sasa hivi, asije akawa kibudu." Mwanangu akamkumbatia mbuzi shingoni, akapiga kelele.

Nikampigia simu bwana mifugo. Alikuwa kijiji cha mbali siku hiyo. Aliuliza amekula nini. Nilipomwambia, alinyamaza kidogo, kisha akasema tusimnyweshe chochote, maana mnyama anayehema namna hiyo kitu huingia kwenye mapafu. Akasema tusimchinje kwa ajili ya kula. Ipo sindano inayoweza kumsaidia mnyama wa namna hiyo, lakini lazima aipate mapema sana, naye asingeweza kufika kwa wakati.

Kidevu alikufa kabla ya magharibi. Tukamfukia nyuma ya shamba. Baadhi ya watu waliondoka wakinung'unika kwamba tumetupa nyama.

Usiku, mume wangu aliporudi kutoka kwenye shughuli zake, aliuliza nani kampa mbuzi maganda. Mtoto akajibu, "Mimi, baba." Naye akasema, "Basi umemuua mbuzi wako mwenyewe."

Mume wangu si mtu mkali. Alikuwa amechoka na ameumia. Lakini nilimwona mwanangu akipokea yale maneno, na sikusema kitu. Sikusema kwa sababu beseni lilikuwa langu. Nilijua nikifungua mdomo, swali linalofuata litakuwa, "Nani aliliacha pale?" Nikaona heri limwangukie mtoto, eti kesho atasahau.

Hakusahau. Nimeshawaambia zile siku nne zilivyokuwa.

Siku ya tano mama yangu alikuja kutoka Masasi. Alikuwa amepanga kuja hata kabla ya msiba wa mbuzi. Alipofika, mjukuu wake hakumkimbilia kama kawaida. Mama alimtazama, akaniuliza, "Mume wangu amepatwa na nini?" Nikamsimulia yote. Sehemu ya beseni niliipitia haraka haraka.

Mama alisikiliza, kisha akauliza maswali mawili. "Beseni liliwekwa na nani?" Nikamjibu. "Na huyu mdogo, siku hiyo alikuwa wapi?"

Nikahisi baridi mgongoni. Mdogo alikuwa amekaa hatua moja kutoka kwenye lile beseni, pamoja na rundo la mihogo iliyomenywa. Mtoto wa miaka miwili anayetia kila kitu mdomoni. Muhogo mchungu mbichi haubagui mbuzi na mtu. Ilikuwa bahati tu, na mtoto niliyemwacha abebe lawama ndiye aliyeliondoa beseni lile mbele ya mdogo wake.

Mnajua heshima ya mkwe ilivyo. Mama yangu hawezi kumkalisha mume wangu chini akamsema. Jioni, sote tukiwa barazani, alimwita mjukuu wake akamkalisha kwenye mkeka. Akamwambia kwa sauti ya kutosha kila mtu kusikia: "Mume wangu, nikikupa sufuria la moto nisikwambie ni la moto, ukiungua, nani kakuunguza?" Mtoto akafikiri. "Wewe, bibi." Mama akasema, "Haya," akaendelea kuchambua mchele.

Mume wangu alikaa kimya muda mrefu. Kisha akainuka, akaenda kukaa kwenye ule mkeka. Akamwambia mwanawe, "Nilikosea kusema vile. Sikukufundisha kwamba kuna mihogo ya namna mbili. Wewe ulimpa chakula kwa sababu unampenda." Nami nikasema yangu, kwamba beseni niliacha mimi, na kwamba usiku ule nilijua na nikanyamaza. Ilikuwa aibu kusema mbele ya mama yangu na mbele ya mtoto. Lakini ilichukua dakika moja tu, na mimi nilikuwa nimeikimbia kwa siku tano.

Mwanangu hakulia. Aliuliza, "Wale watoto wake wananyonya kwa nani?"

Kwa kweli walikuwa wanateseka. Bibi Harusi aliwafukuza kwa pembe, nasi tulikuwa tunawanywesha kwa kikombe, wakimwaga zaidi ya wanayomeza. Asubuhi iliyofuata baba na mwana wakaenda kununua maziwa ya ng'ombe kwa jirani, wakapata chuchu ya chupa ya mtoto dukani. Tukayapasha maziwa hadi uvuguvugu, wakawanyonyesha kidogo kidogo mara nne kwa siku. Mwanangu akaanza kuingia tena bandani. Godoro likaanza kukauka.

Mmoja wa wale mapacha alikufa wiki iliyofuata. Safari hii baba yake alimwamsha mapema, akamwambia kabla hajaenda kuona mwenyewe: "Amekufa usiku. Alikuwa dhaifu. Ulimnyonyesha vizuri, hukukosea chochote." Alilia sana, akala uji wake, akaenda shule. Aliyebaki sasa ni beberu mwenye kiburi, na ndevu zimeanza kuota kama za mama yake.

Bwana mifugo alifika baadaye akatueleza vizuri. Sumu ya muhogo mchungu inaitwa sianidi, na ganda lina nyingi kuliko muhogo wenyewe. Majani mabichi nayo yana hatari. Mihogo mitamu pia ina kiasi fulani, kwa hiyo usimjazie mnyama maganda mabichi kwa wingi, hasa akiwa na njaa. Sasa maganda yote tunayakatakata na kuyaanika juani kwa siku kadhaa hadi yavunjike mkononi. Yakiwa ya michungu hayakai chini hata dakika moja, yanapanda juu ya kichanja yakiwa mabichi, na mwanangu ndiye anayenikumbusha.

Tumebadilisha na mengine. Salfa na dawa nyingine za mikorosho, ambazo zamani zilikaa chini ya kitanda, sasa ziko kwenye sanduku lenye kufuli. Mbuzi wamechanjwa sotoka ya mbuzi na kondoo. Kuku wanapata matone ya jichoni ya chanjo ya kideri kila baada ya miezi mitatu, na mkubwa ndiye anayewashika nikiwatilia. Kila anayetoka bandani ananawa kwa sabuni, hata kama maji ni ya kununua. Mdogo haingii bandani bila mtu mzima.

Jambo la mwisho ni dogo lakini ndilo lililotusaidia zaidi. Kila tunapompa mtoto kazi ya mnyama, tunakaa naye tukamweleza vitu vitatu: anakula nini, nini kitamdhuru, na akiona dalili gani aje kutuita haraka. Kisha tunamwambia aturudishie kwa maneno yake. Asipoweza kuturudishia, kazi hiyo bado ni yetu.

Mzazi mwenzangu, ukifuga nyumbani, mnyama atakufa siku moja. Ataugua, ataibiwa, ataliwa na mbwa, au mtoto wako atakosea. Siku hiyo utakuwa na hasira, na mtoto atakuwa amesimama mbele yako kwa sababu yeye ndiye mdogo. Kabla hujafungua mdomo, jiulize swali la mama yangu: beseni liliwekwa na nani?