Nilipouacha Mfuko wa Nyuma

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kushona mifuko ya nyuma ya suruali za jinzi katika kiwanda kimoja cha EPZ (eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje), Athi River, Kenya. Anayeishi Kitengela anaijua safari hiyo: alfajiri, barabara ya Namanga imejaa wafanyakazi wanaotembea kwa haraka kuwahi lango. Sheria ya EPZ ilipitishwa mwaka 1990, na Marekani ilipofungulia nguo zetu soko lake bila ushuru kwa sheria ya AGOA ya mwaka 2000, wanawake wengi wa hali yangu walipata ajira. Ajira hiyo ilinilipia kodi ya nyumba Noonkopir na karo ya watoto. Naiheshimu hadi leo.

Kwenye laini, suruali moja hupita mikononi mwa watu wengi. Huyu anatia zipu, yule anaunga kiuno, mwingine anakunja pindo, na kila mmoja ana targeti yake ya saa. Mimi nilikuwa mwepesi. Targeti nafikisha, bonasi napata, supavaiza hana neno nami. Mikono ilishona yenyewe huku akili ikiwaza mboga ya jioni.

Siku moja binti yangu akaniuliza, "Mama, wewe si fundi? Mbona sare yangu tunapeleka kwa fundi mwingine?" Nilikosa jibu. Nilikuwa nimeshona maelfu ya mifuko, lakini suruali nzima, kuanzia kitambaa hadi kifungo, sikuijua.

Nikaomba kuhamishiwa chumba cha sampuli, ambako vazi zima hushonwa kwa mfano, niwe msaidizi. Huko hakukuwa na bonasi ya targeti, na mwezi wa kwanza pengo lilionekana mezani kwetu. Wenzangu walinihurumia: "Mama, pesa unaziona, halafu unaziacha?" Aliyenifundisha alikuwa kijana wa kuweza kuwa mdogo wangu wa mwisho. Mimi nilimwita mwalimu, naye akaniita mama. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Chumbani humo nilielewa mambo ambayo kwenye laini hayakunifikia. Jinzi hurudi, yaani hupungua, inapofuliwa. Kitambaa kikirudi kwa asilimia 3, mguu wa suruali unaotakiwa kuwa sentimita 100 hukatwa karibu 103, na hesabu hiyo hufanywa kwenye pateni ya karatasi kabla mkasi haujagusa nguo. Ukikosea hapo, kazi ya laini nzima imeharibika hata kama kila mshono umenyooka. Nikashika futi na chaki, nikajifunza kupima, kuchora, kukata na kuacha nafasi ya mshono. Usiku nilirudia mazoezi hayo nyumbani kwa karatasi za kaki. Baadaye nikafanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, nikaanzia gredi ya tatu, kisha nikapanda hadi ya pili.

Leo, namshukuru Mungu, nina karakana ndogo mjini Kajiado. Nashona sare za shule na ovaroli. Wasichana wanaojifunza kwangu hawaruhusiwi kubaki kwenye kola au pindo pekee. Kila mmoja hushona vazi moja tangu kipimo hadi pasi, hata kama litachukua siku nyingi, maana nataka akiondoka kwangu aondoke na kazi nzima mkononi.

Kwa dada na kaka walio kwenye laini leo, siwaambii muache mshahara kwa pupa. Watoto hawali ndoto. Lakini angalia kazi iliyo jirani na yako, ile usiyoiweza bado, kisha uombe kuijua ukiwa ungali na ajira. Oda zikipungua, kiwanda kitabaki na mashine zake na wewe utabaki na unachokijua. Hakikisha kinatosha vazi zima.